Mbio za nyika kwa watoto wa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa pembeni mwa viwanja, ndani ya daladala za kurudi nyumbani na kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp. Mengine ni ya watoto wenyewe, na hayo yameachwa kama walivyoyauliza. Anayejibu ni mama wa binti anayekimbia, si daktari wala kocha mwenye cheti.

## Mambo ya mwanzo

1. Mbio za nyika ndiyo mchakamchaka?

Hapana, ingawa ni ndugu. Kwenye mchakamchaka mnakimbia pamoja, mnaimba, na anayeongoza hupunguza mwendo ili wadogo wasiachwe. Nyika ni mashindano: watoto wa rika moja wanasimama kwenye mstari mmoja mpana, kipenga kinalia, kila mtu na miguu yake. Njia hupita kwenye nyasi, vumbi, matope na vilima. Kwa mashindano ya dunia, kanuni zinataka mzunguko wa kati ya mita 1,500 na 2,000 unaorudiwa mara kadhaa. Kwetu mzunguko hutegemea ukubwa wa eneo la shule na wema wa jirani ambaye mahindi yake yameshavunwa.

Mtoto aliyekulia kwenye mchakamchaka ana mtaji kuliko anavyojua. Ukiweza kuimba huku unakimbia, pumzi ipo.

2. Zina tofauti gani na mbio za uwanjani?

Uwanjani mnashindana na wenzako na saa pia. Nyikani saa haina maana, kwa sababu njia ya Kisesa haifanani na ya Nyegezi, na hiyo ya Nyegezi ikinyeshewa usiku haifanani hata na yenyewe ya jana. Kinachohesabiwa ni nafasi uliyoshika. Kwa hiyo ukimpokea mtoto, kumuuliza “umetumia dakika ngapi?” ni kumuuliza jambo ambalo pengine halikupimwa. Muulize kilima kilikuwaje. Atakusimulia mpaka mfike nyumbani.

3. Aanze akiwa na umri gani, na akimbie umbali gani?

Kucheza kwa kukimbia hakuna umri. Kwa mashindano, watoto wa miaka tisa au kumi wanatoshwa na kilomita moja au mbili. Ili upate picha: kanuni za kimataifa zinawapa vijana wa chini ya miaka 18 kilomita zisizozidi 6 kwa wavulana na 4 kwa wasichana, na kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 ni kilomita 8 na 6. Sasa mtu akikuambia mtoto wa darasa la nne akimbie kilomita 10 “ili akomae”, mwambie ahsante na umrudishe mtoto nyumbani.

4. Mashindano yapo wapi, na anaingiaje?

Anza na mwalimu wa michezo wa shule. Yeye ndiye anayejua shule zipi zinakutana lini, na jina la mtoto hupitia kwake. Riadha pia ni miongoni mwa michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambayo hupanda ngazi kwa ngazi kutoka shuleni hadi taifani, na Chuo cha Ualimu Butimba hapahapa Mwanza kimewahi kuwa mwenyeji wa fainali zake. Lakini humo mbio ni za uwanjani zaidi. Nyika mara nyingi huandaliwa kando, na shule zenyewe au chama cha riadha cha mkoa, na juu kabisa kuna mashindano ya taifa ya Riadha Tanzania.

Marathoni za mjini zenye kipengele cha watoto ni burudani nzuri, ila ni mbio za lami. Usizihesabu kama nyika.

5. Si wanasema mbio ni za watu wa Arusha, Manyara na Singida? Sisi wa ziwani si wavuvi?

Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita, mkoani Mara, ufukweni mwa ziwa hilihili. Alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, michezo ileile ambayo Filbert Bayi alipata fedha ya kuruka viunzi na maji. Ni kweli mikoa ya kaskazini ina utamaduni mkubwa zaidi wa mbio ndefu na iko juu zaidi. Sisi ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari, si haba. Na kwa umri wa miaka kumi na mbili, anayeamka kufanya mazoezi humshinda aliyezaliwa mlimani akabaki kitandani.

6. Mwanangu hana kasi kabisa, kwenye mita 100 huwa wa mwisho. Nyika itamfaa?

Huenda ndiyo hasa inayomfaa. Mita 100 zinataka mlipuko ambao mtu huzaliwa nao kwa sehemu kubwa. Nyika inataka uvumilivu, na uvumilivu hujengwa. Wengi wanaong’ara nyikani ni watoto wembamba, wakimya, ambao kwenye mpira huwekwa beki kwa kuonewa huruma.

## Mazoezi, viatu na chakula

7. Afanye mazoezi mara ngapi, na wapi?

Siku tatu kwa wiki zinamtosha mtoto wa shule ya msingi, na siku mbili kati ya hizo ziwe za mwendo ambao anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Siku ya tatu ndiyo ya vilima au ya kukimbia kwa kasi vipande vifupi. Asiyetembea kwenda shule kwa miguu aongeze siku ya kutembea. Anayetembea kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, hiyo tayari ni sehemu ya mazoezi na uihesabu.

Mahali hapakosekani katika jiji la miamba. Vilima vya Isamilo na Bugando vinajenga mapaja, lakini barabara zake ni nyembamba na bodaboda hazina breki za huruma. Nyika hasa utaipata ukitoka kidogo: Buhongwa, Kisesa, Usagara, viwanja vya shule za Ilemela. Mtoto azoee aina zote za udongo. Kichanga kinachosha ndama, na udongo mweusi wa mbuga kule Magu na Kwimba ukilowa hukwama kwenye nyayo mpaka kila mguu unakuwa na uzito wake mpya.

Jambo moja kuhusu alfajiri. Hapa sehemu kubwa ya mwaka jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa kumi na moja ni usiku mtupu. Mtoto asitumwe peke yake. Nguo nyeupe, mtu mzima nyuma, au basi asubiri jioni saa kumi na moja jua likipoa. Jioni kuna adha yake: siku ambazo wadudu wa ziwani wanapaa juu ya maji kama moshi, anayekimbia na mdomo wazi hurudi ameshakula.

8. Lazima awe na viatu vya mbio?

Hapana. Kanuni za riadha zinaruhusu kukimbia pekupeku, na zinaruhusu hata kiatu mguu mmoja tu, ingawa sijaona anayefanya hivyo kwa hiari. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Zola Budd alikuwa bingwa wa dunia wa nyika mwaka 1985 na 1986, naye alijulikana kwa kukimbia pekupeku.

Swali la kweli ni njia ikoje na mguu umezoea nini. Mtoto anayeshinda pekupeku nyumbani ana nyayo ngumu na atakimbia vizuri kwenye nyasi. Ila palipo na miiba, chupa zilizovunjika au vijiwe vya miamba yetu, avae. Raba za mtumba za soko la Mlango Mmoja zinatosha kabisa: zikunje uone kama zinakunjika penye vidole na si katikati, zipime akiwa na soksi, na usinunue kubwa “atakua nazo”. Kiatu kinachoogelea mguuni hutoa malengelenge na humwangusha kwenye mteremko. Njumu za mpira wa miguu zinasaidia penye matope na zinatesa penye mawe. Ndala na yeboyebo, hapana.

Kosa kubwa zaidi ya yote ni kiatu kipya kinachofunguliwa kwenye boksi siku ya mbio.

9. Ale nini?

Chakula cha nyumbani. Usiku wa kuamkia mbio ugali au wali wa kutosha, na sato au dagaa. Asubuhi ale kitu kidogo alichokizoea saa mbili au tatu kabla ya kukimbia: uji, kiazi kitamu, ndizi, chapati moja. Michembe na matobolwa ya bibi (viazi vitamu vilivyokaushwa) ni vitafunio vizuri sana vya baada ya mbio. Kabla ya mbio hapana, vinajaza tumbo.

Maharage asubuhi hiyo yaachwe, na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo si vya watoto, siku hiyo wala siku nyingine.

10. Mazoezi hayatamshusha darasani?

Kwa siku tatu za wiki, nusu saa kila moja, hapana. Kinachomshusha ni kukosa usingizi. Akilala mapema yote mawili yanakwenda.

## Siku ya mbio

11. Tufike saa ngapi na tubebe nini?

Mfike saa nzima kabla. Mbio za watoto hupangwa asubuhi, ratiba ikisema saa moja inaweza kuwa saa mbili na nusu, lakini siku mtakayochelewa ndiyo siku watakayoanza kwa wakati. Saa hiyo moja ni ya kutembea njia nzima na mtoto kwa miguu. Mwonyeshe kona iko wapi, shimo liko wapi, kilima cha mwisho kinaanzia kwenye mti gani. Mtoto anayejua mbele kuna nini hapotezi nguvu kwa woga.

Beba maji, pini nne za kushikia namba kifuani, nguo kavu, kanga, karatasi za chooni. Hizo karatasi msizisahau, kwa maana watoto wote huenda chooni dakika kumi kabla ya kipenga.

12. Tunatoka Ukerewe. Tunaweza kuja asubuhi hiyohiyo?

Msije hivyo. Safari ya meli kutoka Nansio ni ya saa kadhaa, ziwa likichafuka mtoto anatapika, na maji aliyotapika hayarudi mwilini kwa chupa moja. Vukeni jana yake mlale kwa ndugu. Wa Sengerema na Buchosa sasa wana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kukesha mkisubiri kivuko.

13. “Pale mwanzo wanasukumana. Nikianguka je?” (swali la mtoto)

Inuka, angalia kama unaweza kukanyaga, endelea. Mbio ni ndefu kuliko unavyodhani, na aliyekupita kwa sababu umeanguka unaweza kumkuta kwenye kilima. Ili usianguke, usisimame katikati kabisa ya mstari. Simama pembeni, upande ambao kona ya kwanza haielekei. Utakimbia hatua chache zaidi lakini hakuna wa kukukanyaga. Viwiko viweke wazi kidogo kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

14. Anaanza kama mshale, halafu anaishia kutembea. Tumfundishe nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake si la watoto pekee. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya nyika yalifanyika Kampala, ng’ambo ya ziwa letu. Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa anaongoza mzunguko wa mwisho, nyumbani kwao, umati wote unapiga kelele jina lake. Miguu ikamwishia. Akapitwa na mmoja, akapitwa na kumi, akamaliza wa 30 akiyumba. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, akarudi kwenye mashindano hayohayo akashinda. Wasimulie watoto kisa hiki chote, nusu zote mbili.

Kwa vitendo: mzunguko wa kwanza mtoto akimbie akiwa anaona migongo mingi mbele yake na asihangaike nayo. Mwambie ahesabu wanaotembea kuanzia nusu ya mbio. Mtoto anayepita watu mwishoni hupata hamu ya kurudi, na anayepitwa na kila mtu hupata hamu ya kuacha, hata kama wote wawili wamemaliza nafasi ileile. Njia rahisi ya kumzoeza ni mazoezi ya kwenda na kurudi: aende kwa dakika sita hadi kwenye mti fulani, arudi kwa dakika tano na nusu. Akishindwa kurudi kwa kasi zaidi, basi alikwenda kwa kiburi.

15. “Kichomi kikinibana?” (swali la mtoto)

Punguza mwendo, bonyeza hapo kwa vidole, inama mbele kidogo na utoe pumzi yote nje, polepole. Mara nyingi kinaondoka. Kinapenda kuja ukila au kunywa maji mengi karibu na mbio (swali la 9).

16. “Nikiwa wa mwisho watanicheka?” (swali la mtoto)

Wachache, ndiyo. Wale ambao hawakukimbia. Waliokimbia watakuwa wamelala kwenye nyasi wanatafuta pumzi, hawana muda huo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba makofi ya mwisho huwa makubwa kuliko ya wa tano au wa sita, ambao hakuna anayewaona. Mtu lazima awe wa mwisho katika kila mbio, na huyo namba yake inaandikwa kwenye karatasi ya matokeo. Aliyebaki nyumbani haandikwi.

17. Mzazi nisimame wapi? Naweza kukimbia naye pembeni?

Kukimbia naye hairuhusiwi: mtu asiyeshindana akimvuta mshindani ni msaada usiokubalika, na mtoto anaweza kuondolewa. Simama mbali na mstari wa kumalizia, karibu na theluthi ya mwisho ya njia ambako hakuna watazamaji. Pale ndipo anapokuhitaji. Mwite jina, mara moja au mbili, basi. “Kaza! Mpite huyo! Inua miguu!” ni kelele ambazo anazijua tayari. Na baba mmoja akianza kumfokea mtoto wake mbele za watu, jamani, mchukueni mkanywe naye chai.

## Mwili na afya

18. Jua letu kali. Nitajuaje limezidi, na kuacha mbio ni aibu?

Mtoto hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima na hupata joto haraka. Dalili za hatari ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuyumba, kuongea ovyo, baridi ya ghafla wakati jua linawaka. Akionyesha mojawapo anasimamishwa, anawekwa kivulini, anamwagiwa maji shingoni na kwapani, anapepewa. Akichanganyikiwa au kupoteza fahamu, ni hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani.

Kuacha si aibu. Nyika iliwahi kuwa kwenye Olimpiki, na iliondolewa baada ya Paris 1924: siku hiyo joto lilikuwa kali mno, wakaanza wanaume 38 wakamaliza 15. Na mwaka 2007 pale Mombasa, kwenye joto la pwani, Kenenisa Bekele, bingwa aliyekuwa hashikiki kwenye nyika, alitoka njiani hakumaliza. Kama Bekele alitoka, mwanao wa darasa la tano anaruhusiwa.

19. Baada ya mbio watoto wanataka kuoga ziwani. Kuna ubaya?

Upo, nao unaitwa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi penye majani ya ufukweni na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kwa mtoto aliyesimama magoti tu majini. Pembeni mwa ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kwenye mabwawa na madimbwi ya Kwimba na Misungwi kuna kile cha mkojo. Mtoto mwenye kichocho cha muda mrefu hupungukiwa damu, na mtoto asiye na damu ya kutosha huchoka kwenye kilima cha kwanza huku mwalimu akidhani ni mvivu. Mmwagieni maji ya bomba kwa ndoo. Dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni ameze, na asiimeze tumbo tupu.

20. Ana pumu, au ana seli mundu, au ametoka kuugua malaria. Akimbie?

Pumu: mara nyingi anaweza, akiwa na dawa yake ya kuvuta mkononi mwa mtu anayesimama njiani, na akipasha mwili moto taratibu. Vumbi la kiangazi humsumbua zaidi kuliko mbio zenyewe.

Malaria: asubiri mpaka amemaliza dawa, hamu ya kula imerudi na anacheza mwenyewe bila kuambiwa. Wiki ya mbio isiwe sababu ya kuharakisha.

Seli mundu ni jambo zito. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huu duniani, na Kanda ya Ziwa tunao wengi. Kukimbia kwa nguvu zote kwenye jua bila maji ya kutosha kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa na kumlaza wodini. Asiingie mashindano bila daktari anayemjua kusema ndiyo. Hospitali ya Bugando ina kliniki ya seli mundu. Na mtoto ambaye hajapimwa lakini huumwa mifupa mara kwa mara, macho yakawa ya njano, apimwe kwanza, mbio zitamngoja.

21. Magoti yanamuuma chini kidogo ya kifuniko, au visigino. Ni kukua?

Kwa watoto wa takriban miaka minane hadi kumi na minne mara nyingi ndiyo: mfupa unakua haraka kuliko msuli unaouvuta. Apunguze mazoezi, hasa miteremko na kuruka, mpaka maumivu yatulie. Akichechemea, akivimba, au maumivu yakimwamsha usiku, apelekwe kwa daktari. Mafuta ya kuchua hayana madhara sana, lakini hayaponyi mfupa unaokua.

22. Binti yuko kwenye siku zake, au anavaa hijabu. Atakimbiaje?

Akijisikia vizuri akimbie. Hedhi haimdhuru mkimbiaji. Bukta nyeusi, pedi mbili kwenye mkoba, na mwalimu wa kike anayejua. Hijabu inaruhusiwa: kitambaa chepesi, kilichobana kichwa, bila pini za ncha, na suruali nyepesi badala ya bukta. Wazo kwamba nyika ni ya wavulana limeshachelewa. Tangu Kampala 2017 wanawake wakubwa hukimbia kilomita 10 sawa na wanaume kwenye mashindano ya dunia.

## Matokeo na lawama

23. Mwanangu alikuwa wa 14 lakini wamempa medali ya timu. Kwa nini?

Kwa sababu nyika ni mchezo wa timu pia. Nafasi za wakimbiaji wa shule moja hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwenye mashindano ya dunia wanahesabiwa wanne wa kwanza kati ya sita. Mashuleni idadi hutajwa kabla. Tuseme shule A imeshika nafasi ya 1, 2, 20 na 31: jumla 54. Shule B imeshika 9, 11, 13 na 14: jumla 47. Shule B imeshinda bila kuwa na mtu katika nane bora. Kwa hiyo kumpita mtu mmoja wakati wewe ni wa 15 kunaweza kuleta kombe, na watoto wakilielewa hili hawatembei tena mwishoni.

24. Wamefika pamoja, mwamuzi kampa mwenzake. Tukate rufaa?

Anayehesabiwa wa kwanza ni yule ambaye kiwiliwili chake kimetangulia kufika kwenye mstari. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alipata ubingwa wa dunia wa marathoni kwa njia hiyohiyo: yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Mashindano ya watoto hayana picha. Mwalimu aulize kwa adabu mara moja, jibu likitoka mwende nyumbani. Siku nyingine mfundisheni kuinamisha kifua.

25. Mwaka jana aliwaacha wote, mwaka huu wanamwacha. Ana nini?

Huenda hana chochote. Watoto wa darasa moja wanaweza kutofautiana ukuaji kwa miaka miwili au mitatu, na aliyewahi kurefuka alishinda kwa sababu hiyo. Sasa wenzake wamemfikia. Kwa wasichana kuna jingine: mwili ukibadilika, uzito na mapaja hubadilika, na kwa mwaka mmoja au zaidi mbio huwa nzito kabla mwili haujajizoeza. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo maneno ya mzazi huuma zaidi. Usimwambie apunguze kula. Hata kwa utani. Binti anayekimbia huku anajinyima hupungukiwa damu na nguvu ya mifupa, na hedhi inaweza kukata. Akiendelea kuchoka wiki baada ya wiki, apimwe damu, kichocho na malaria (maswali ya 19 na 20), kisha muwe na subira.

## Maswali ya pembeni

26. Kuna mtoto ana ndevu anakimbia na wa miaka kumi na miwili. Tufanyeje?

Kila mtu amemwona huyo. Njia ni moja: waandaaji wadai vyeti vya kuzaliwa vya RITA siku ya kuandikisha, siyo baada ya medali. Rika huhesabiwa kwa umri ambao mtoto atakuwa nao Desemba 31 ya mwaka huo, kwa hiyo wengine wanaolalamikiwa wako sahihi. Usimzomee mtoto mwenyewe. Cheti hakukiandika yeye.

27. Mtu amemwona anakimbia, anataka kumchukua kambini mkoa mwingine.

Uliza atasoma shule gani, atalala wapi na nani, nani anasimamia wasichana, na nani anashika fedha za zawadi. Mtu mwenye nia njema atajibu yote bila kukasirika na atakubali uende ukaone. Kwa mtoto wa shule ya msingi mimi ningesema bado. Kipaji cha miaka kumi na moja hakiozi kikikaa nyumbani.

28. Alipotea njia akafuata alama isiyo yake.

Kanuni ni kwamba mkimbiaji analazimika kuijua njia, kwa hiyo akikata kona anaondolewa hata kama hakukusudia. Akirudi mpaka pale alipopotea akaendelea, yuko halali. Ndiyo faida ya kuitembea njia (swali la 11).

29. Mtoto mwenye ualbino anaweza kukimbia nyika?

Anaweza. Mambo mawili yashughulikiwe: jua na macho. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi, kofia yenye ukingo, mafuta ya kukinga jua yapakwe kabla na yarudiwe, na mwandaaji aombwe kuweka mbio za rika lake ziwe za kwanza asubuhi. Kwa kuwa wengi hawaoni vizuri mbali, atembee njia zaidi ya mara moja, na mawe ya hatari yapakwe chokaa. Chokaa hiyo itawafaa na wengine.

30. Mwenzake alianguka, mwanangu akasimama kumwinua, akapoteza nafasi. Ataondolewa?

Hapana, wala aliyeinuliwa haondolewi. Kumsaidia mtu asimame kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumshika na kumsogeza mbele, kwa hiyo wakivuka mstari huku mmoja amembeba mwenzake, aliyebebwa anaweza kufutwa kwenye matokeo. Mwalimu akiona aliyeanguka hawezi tena, aite watu wa huduma ya kwanza na amruhusu mtoto mwingine aendelee. Nafasi aliyoipoteza hairudishwi, ila msimamizi akiambiwa palepale, baadhi hulitaja jambo hilo wakati wa kugawa zawadi.